Mgeni wa Chumba cha Truphena

"Mafi," alisema Truphena, mfanyakazi wa ndani, akakaa katikati ya kitanda chake kama aliyeota mizizi. "Hakuna. Mimi sitoki."

Madam alisimama mlangoni na godoro jembamba, lile la kupelekwa darini, juu ya paa, kando ya mashine ya kufulia. Nyumba nzima, mtaani Al-Hamra mjini Jeddah, ilinukia udi. Bosi alikuwa amerudi kwa ndege kutoka Riyadh, na juu ya glavu yake alikaa kipanga aliyengojewa tangu yule wa kwanza apotelee jangwani. Kofia ya ngozi ilimfunika macho. Kimya, kama jaji. Inasemekana alipewa kiti cha dirishani, na abiria mwenye kiti hicho ndiye aliyeomba radhi.

Chumba cha Truphena ndicho pekee chenye kiyoyozi kisichopiga kelele, kwa hiyo kilikuwa cha kipanga. Na dari la Jeddah humwivisha mtu akiwa usingizini.

"Huyu si ndege wa mchezo," alisema madam. "Ana pasipoti yake."

"Hata mimi ninayo, madam. Si mmeifungia kwenye sefu?"

Bosi akacheka. "Wakae wote wawili, mpaka ndugu zangu waje kumwona akiitwa na kurukia glavu yangu. Siku hiyo Truphena anapanda darini, halas, basi. Lakini asiseme neno mbele yake. Kipanga mgeni hujifunza sauti moja tu, ya anayemlisha."

Kisha kazi ikamrudisha Riyadh, akamwachia Truphena kazi ya kulisha: nyama ya kware, kwa glavu, kimya. "Mafi kalam!" alirudia akiingia garini, kidole mdomoni.

Sasa, Truphena alizaliwa Vihiga, Kenya, kwenye nyumba ambayo kumlisha mgeni bila kumwongelesha ni sawa na kumfukuza. Alivumilia mlo mmoja. Wa pili akasema, "Karibu, baba. Kula." Kipanga akageuza kichwa. Basi, kila mlo ukaanza na karibu na kuendelea na habari za majani chai, za ajenti aliyemwahidi kazi ya hoteli, za shemeji yake mlevi. Kipanga alisikiliza huku akinyofoa nyama. Kwa habari za shemeji, wanasema, alisusa chakula kutwa nzima.

"Wee dada, utatuletea shida," Elphas, dereva, alimwonya. "Si bosi alisema kimya?"

"Alisema. Na hiki ni chumba changu, Elphas. Nitaongea."

Bosi aliporudi na ndugu zake wakafika, uani kukatandikwa mazulia. Elphas alimshika kipanga upande mmoja, kamba ndefu mguuni. Bosi akasimama upande wa pili, nyama juu. Kofia ikavuliwa.

"Barq! Taal, Barq!" Bosi alimwita kipanga kwa jina, aje.

Kipanga akajikuna.

Bosi akaita tena, mishipa ya shingo ikimtoka. Ndugu zake wakaanza kuchunguza vikombe vyao vya kahawa.

Ndipo Truphena akatoka jikoni na sinia la tende. "Karibuni," aliwaambia wageni.

Kipanga akaruka. Akampita bosi, akaipita nyama, akatua katikati ya tende.

"Umemloga!" madam akapiga kelele.

"Nilimkaribisha, madam."

Bosi akasogea, akanong'ona, "Mwambie aje kwangu."

"Kwanza niambie nitalala wapi."

Bosi akawatazama ndugu zake. Akatazama juu, ambako ncha ya godoro ilichungulia ukingoni mwa dari.

"Chumbani kwako."

"Mwambie madam, baba. Kwa sauti."

Akamwambia. Elphas akakohoa kuficha kicheko.

"Haya, mwite mwenyewe," alisema Truphena. "Sema 'karibu'. Polepole, kama unamtaka kweli."

Bosi akainua glavu. Mdomo wake, uliozoea amri, ukalitafuta neno mara mbili kabla ya kulipata. "Ka... ribu."

Kipanga akainamisha kichwa upande mmoja, tende chini ya ukucha, akamtazama.