Saa ya Min Onyango

Min Onyango, yaani mama Onyango, aliingia ofisini kwetu bila hodi, akaitua simu yake mezani kama mtu anayemrudishia mvuvi samaki aliyeoza.

"Nani kati yenu ameandika kwamba nakufa?"

Tulikuwa wawili tu mle ndani. Phanice aliinua macho kutoka kwenye kompyuta. Mimi nikaitazama simu. Kwenye kioo chake, kwa herufi nyeusi nzito, kulikuwa na maneno matatu: Muda wako umekwisha.

Maneno yale yalikuwa yangu.

Phanice ni fundi wa programu za simu, mzaliwa wa Rangwe, na kutoka hapa Homa Bay hadi kwetu Migori sijaona kichwa kama chake, wala sitafuti kingine. Ndiye aliyetengeneza programu ya barafu ya Mbita. Pale Mbita akina mama wauza samaki wana mashine yao ya barafu, na kabla ya programu barafu waliigawana kwa makarai. Kila mmoja aliliweka karai lake chini, mstari mmoja mrefu, giza likiwa bado zito. Karai la mbele lilijaa, karai la nyuma lilirudi nyumbani kavu, na mwenye mguu mwepesi alilisukuma la mwenzake nyuma akijifanya anapita. Phanice aliuondoa mstari ule. Sasa mama anaagiza barafu kwa simu asubuhi, kila mtu anapata fungu lake, na aliye dhaifu hapitwi na mwenye kiwiko.

Mimi, Gisiri, alinichukua kwa ajili ya maneno. Alisoma mashairi yangu mahali nilipoyabandika, akanipigia simu. "Nataka hii programu iongee kama mtu," alisema. Basi kila sentensi unayoiona mle ndani nimeichonga mimi.

"Mama," nilimwambia Min Onyango, "hakuna aliyesema unakufa. Hayo ni maneno ya kukuambia uingie upya. Na yana mizani nane kamili!"

"Mizani?" Alinigeukia mwili mzima. "Mimi nimepima mbuta wa ziwa kwa mizani kabla babako hajamwona mamako. Hiyo yako ni mizani gani, ya kupima jeneza?"

Phanice alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

"Keti, mama," alisema.

"Sikai. Nyar Rangwe, sikiliza." Hivyo ndivyo alivyomwita siku zote, binti wa Rangwe, kwa sauti ya mtu anayejivunia ng'ombe wake. "Mimi ndio mwenyekiti pale. Mimi ndio niliwaambia wale wamama waache makarai. Sasa kila nikiingia, hii simu inaniambia muda wangu umekwisha. Kesho ni Ijumaa, mashua za Takawiri zinaleta mbuta. Ikinifukuza tena mbele ya watu, tunarudi kwa makarai. Nimewaambia waje nayo. Siwezi kuongoza watu kwa nyumba ambayo mimi mwenyewe nafukuzwa mlangoni."

Phanice alimsogezea kiti. Alijua, nami nilijua, kwamba fukwe nyingine za ziwa zilikuwa zinaitazama Mbita. Mbita ikirudi kwenye makarai, kazi yake yote ingekuwa hadithi ya kuchekesha watu sokoni.

"Nionyeshe unavyoingia," alisema.

Min Onyango aliketi, mwishowe. Aliandika neno lake la siri kwa kidole kimoja, polepole, bila kukosea herufi hata moja. Akabonyeza. Muda wako umekwisha.

"Umeona?"

"Simu imezeeka," nilisema.

"Kama wewe ulivyozeeka kwa ujinga," alinijibu bila hata kunitazama.

Phanice alikuwa ameshageukia kompyuta yake, akisoma kilichotokea upande wa seva, ile kompyuta kubwa inayopokea maagizo ya akina mama wote. "Seva imemkubali," alisema taratibu. "Imempa kuki, kama kila mtu."

"Kuki?" Min Onyango alishangaa. "Kwani hapa mnagawa biskuti?"

Phanice alicheka. "Si ya kula, mama. Ni kama ule muhuri wanaokugonga mkononi kwenye lango la uwanja wa mpira. Ukitoka kununua maji, ukirudi unaonyesha mkono, unapita. Seva imegonga muhuri kwa simu yako, imeandika: huyu ni Min Onyango, apite hadi saa fulani. Simu yako ndiyo inayoutunza. Ile saa ikifika, simu inaufuta, unaandika neno la siri tena."

"Sasa wangu anaufuta nani?"

"Simu yako yenyewe. Inaupokea, halafu inaufuta papo hapo. Sijui kwa nini."

Phanice alijaribu kwa simu yake; ikakubali. Akajaribu kwa yangu, ikakubali. Mimi nilichoka, na nikichoka mdomo wangu hukimbia mbele. Nikamnong'oneza kwamba labda mama anabonyeza mahali pasipofaa. Phanice hakunong'ona.

"Gisiri, mlango ukimkataa mwenye nyumba, huanzi kumkagua mwenye nyumba."

Nimeandika beti nyingi maishani, na hakuna hata mmoja wenye mstari kama huo.

Min Onyango alisimama, akaichukua simu yake, akaitupia jicho. "Saa tano na dakika kumi. Wacha niende, gari za Mbita zinajaza saa hii."

Nami nilikuwa nimeiona saa ile kwenye kioo chake, muda wote aliokuwa ameketi. Nilijua ni saa tano, nikaona tano, moyo wangu ukaridhika.

Vidole vya Phanice vilisimama.

"Mama, soma tena saa."

"Tano na kumi. Kwani huamini?"

"Gisiri. Simu yake imeandika nini?"

"Tano na kumi."

"Na kompyuta yangu?"

Nikatazama. "Kumi na moja na kumi."

"Na sasa hivi ni saa ngapi?"

"Saa tano na..."

Sisi wote huku tumekua tukiona kumi na moja kwenye saa na kusema tano. Tunaona tisa, tunasema tatu. Kichwa kinaruka chenyewe, wala hakiombi ruhusa. Simu ya Min Onyango haikuhitaji mtu aruke. Ilikuwa imeandika kile anachokisema.

"Nani aliitengeneza saa hii, mama?"

"Bashir, yule wa duka la simu pale Mbita. Nilimwambia hii simu ni mwongo. Jua liko hapa," alinyosha mkono kuelekea mashariki, "simu inasema tisa. Tisa gani? Akaigeuza ikasema ukweli."

Bashir alikuwa ameisukuma mbele kwa saa sita. Machoni tano ni tano, lakini ndani ya simu ilikuwa tayari jioni. Seva ilitoa muhuri wa kuishi hadi saa nane mchana, simu ikaangalia saa yake, ikaona mchana umepita zamani. Muhuri ulifika ukiwa maiti, na simu, kwa uaminifu wake wote, ikauzika.

"Basi rahisi," nilisema, nikanyosha mkono. "Tunairudisha saa ilivyokuwa, kwisha maneno."

Min Onyango alinipiga kofi vidoleni. "Toa mkono! Saa yangu haina makosa. Jua likitoka, siku inaanza, saa ya kwanza ikiisha ni saa moja. Siku yenu nyinyi inaanza watu wakiwa wamelala, nani aliiona ikianza? Mimi ndio nibadilishe?"

Nilimgeukia Phanice nikitarajia msaada. Alikuwa amekunja mikono, akimtazama yule mama kwa macho ya mtu aliyeletewa zawadi.

"Mama yuko sawa," alisema.

"Phanice!"

"Saa ni yake. Kosa ni letu. Tumemwambia mtu aepue nyoyo ya mahindi na maharagwe saa saba bila kujua saa ya jikoni kwake inasemaje. Ataepua mahindi mabichi, maharagwe mawe, halafu tutasema hajui kupika. Tungemwambia hivi: ukishabandika, hesabu muda huu, kisha epua. Hapo saa yake iseme inavyotaka, nyoyo itaiva." Akamgeukia. "Bashir amewafanyia wengine hivi?"

"Wengi. Wazee wote wanaenda kwake."

"Mbona hakuna aliyetuambia simu inamfukuza? Hata mmoja?"

Min Onyango aliifunga simu ndani ya leso, akalikaza fundo.

"Nyathina, mwanangu," alisema, na sauti ilikuwa imeshuka, "nani atasimama mbele ya watu aseme simu imemwambia muda wake umekwisha? Wanaagiziwa na binti zao. Wananyamaza."

Alipotoka, Phanice hakunilaumu. Alinitazama tu, na masikio yangu yakawaka. Mizani nane kamili, na zilikuwa zimekaa mlangoni kama mbwa, zikiwanyamazisha wazee wa watu.

Mchana ule nilimwona akifanya kazi, na nataka mtu ajue nilichokiona. Hakuandika sana. Alifuta. Pale ambapo simu ilikuwa ikiilinganisha saa ya muhuri na saa yake yenyewe, alipaondoa pote. Badala yake, simu ilisoma mambo mawili yaliyotoka kwa seva: kwa seva sasa ni saa ngapi, na muhuri huu unakufa saa ngapi. Tofauti kati ya hayo mawili ndiyo uhai wa muhuri. Simu inaushika uhai huo na kuanza kuhesabu tangu ulipotua mkononi mwake.

"Na Bashir akiigeuza saa katikati ya hesabu?" nilimuuliza. Nilitaka kumkamata, nakiri; mtu mwerevu ananichokoza.

"Simu ina hesabu nyingine ndani. Haijui asubuhi wala jioni. Inahesabu tu tangu ilipowashwa. Hiyo nitaitumia. Bashir haifikii."

"Na simu ikizimwa?"

"Tunamwomba aingie upya. Kwa heshima." Akaniangalia. "Na hapo ndipo kazi yako ilipo. Andika kama mtu anayefungua mlango."

Niliandika na kufuta kama yeye. Maneno mengi mazuri yaliingia, na kila zuri nililipima kwa sikio la Min Onyango, likaanguka. Mwisho nilikumbuka jinsi alivyotuingilia asubuhi, bila hodi, na hakuna aliyemwambia kwamba mlango si wake.

Ijumaa tulifika Mbita jua likichungulia, saa kumi na mbili ya kila mtu. Makarai yalikuwa tayari chini. Mstari mrefu, ya bluu, ya kijani, ya bati, kutoka mlango wa mashine ya barafu hadi karibu na maji. La mbele kabisa, la bati lenye ukingo uliopinda, lilikuwa la Min Onyango. Bashir naye alikuwa amekuja, kanzu yake imepigwa pasi, amekasirika.

"Wanasema nimeharibu simu," alimwambia Phanice. "Dada yangu, mteja akisema ni saa tatu, mimi ni nani nimwambie tisa?"

"Hujaharibu, Bashir. Umenifundisha."

Bashir akampisha njia, hasira imemshuka.

Min Onyango aliifungua leso. Alikuwa ameshaipokea programu mpya, na akina mama walimzunguka hadi mimi nikawa natazama kwa juu ya vilemba. Neno la siri. Kidole. Akabonyeza.

Ukurasa wa kuagiza ulifunguka.

Mtu alipiga kigelegele, naye akamkata kwa mkono. "Bado. Hata mlevi anakukumbuka ukiwa mbele yake." Akaagiza barafu yake, akaitia simu kwenye leso, akashuka kuzingojea mashua.

Mashua zilichelewa. Upepo wa ziwa ulikuwa mbaya upande wa Takawiri, na tukakaa, jua likapanda, hadi zilipotokea. Samaki wakapimwa. Min Onyango akapanda tena, magamba mikononi, aje athibitishe agizo lake. Nilimtazama Phanice. Naye alijua: tulikuwa tumekaa mno. Safari hii muhuri ulikuwa umekufa kihalali.

Simu ikaonyesha maneno.

Mnong'ono ulipita kati ya akina mama. Mmoja alikuwa ameshainama, mkono kwenye karai lake, tayari kulisogeza mbele. Phanice hakusogea.

Min Onyango aliiweka simu mbali na macho, kama wasomavyo wazee, akasoma kwa sauti ili wote wasikie.

"Bisha hodi tena, mama."

Kisha akanitafuta juu ya vilemba, akanipata.

"Wewe Mkuria. Hii ina mizani ngapi?"

"Nane, mama."

Aliigeuza ile sentensi mdomoni, akaipima.

"Hii imepima sawa," alisema.

Akakunja kidole, akakigonga kioo cha simu, ko ko ko, kama anayegonga mlango wa dada yake. "Hodi!" Akina mama wakaitikia kwa kicheko kimoja, "Karibu!" Akaandika neno lake la siri. Agizo lake lilikuwa pale pale, likimngojea.

Mama mmoja mzee aliyekuwa nyuma alimshika Bashir mkono wa kanzu. "Na mimi niwekee hiyo saa ya kweli. Sasa hivi." Bashir akamtazama Phanice kwa woga. Phanice aliinua mabega, akacheka, akacheka hadi akafuta macho.

Min Onyango hakungoja zaidi. Aliliendea karai lake la mbele, akaling'oa kutoka kwenye mstari, akaligonga chini mchanga utoke, akaingia nalo kwenye mlango wa mashine ya barafu. Aliyekuwa wa pili akalichukua lake. Kisha wa tatu. Nilisimama pale nikiutazama mstari ukivunjika, karai moja baada ya jingine, hadi pakabaki mchanga wenye alama za duara.