Tangazo la Dirisha Namba Mbili

Saa nne na nusu asubuhi mfamasia aliingia ofisini kwangu bila hata hodi, bahasha ndogo ya dawa mkononi.

"Hii ya presha ilikuwa ya mama mmoja aliyepita dirisha namba mbili," alisema. "Mimi nimempa ya sukari. Vile vidonge vikali."

"Kwani ana sukari?"

"Hana! Tena alikuja na njaa, alikuwa apimwe damu. Akivimeza, sukari itashuka mpaka azimie. Asipowahiwa, tumempoteza."

Mimi ndiye mtoa habari wa hospitali. Nabandika matangazo ubaoni, natangaza siku za chanjo, nazunguka mitaani na gari la matangazo. Watu wananiita Kipaza, nami sikatai, Mungu hakuninyima sauti. Nikaichukua kadi ya yule mama. Miaka sitini na mbili, mtaa wa nyuma ya soko. Mtaa wetu huo, naujua hadi paka wake, lakini jina lile sikuwahi kulisikia. Nikapiga namba ya simu iliyoandikwa. Akapokea fundi baiskeli, akaniambia hana mama, hana mke, na presha ndiyo kwanza ninampandisha.

Jina la uongo, namba ya uongo. Nilipandwa na hasira. Mtu anakuja kutibiwa huku anajificha kama mwizi!

Dereva wa gari la matangazo aliendesha polepole mtaani, nami nikashika kipaza. Sheria yetu ni moja: hatutaji jina la mgonjwa wala ugonjwa wake.

"Mama uliyechukua dawa dirisha namba mbili leo asubuhi, usimeze! Kama umemeza, toka nje upesi, tuko hapa!"

Wakatoka wengi kuliko nilivyotaka. Mmoja alileta vidonge vya mwaka juzi. Babu mmoja akaniletea dawa ya macho, eti niikague maadamu nimefika. Kina mama tisa nilisoma bahasha zao. Hakuna hata mmoja aliyekuwa yeye. Saa sita kasoro robo.

"Dada, taja jina tu," dereva alisema. "Huyu mtu anakufa."

Nikalitaja. Watu wakatazamana, hakuna aliyelijua. Hapo uvumilivu ukaniishia, nikapayuka kwa sauti yote niliyojaliwa: "Mama, unamficha nani? Mficha maradhi kifo humuumbua!"

Watu wakacheka. Simu yangu ikaita. Alikuwa mdogo wangu anayeishi na mama, nyumba ya nne kutoka tuliposimama.

"Dada, njoo! Nimerudi sokoni nimemkuta mama sakafuni. Jasho linamtoka, anatetemeka, ananiita kwa jina lako."

"Anaweza kumeza?"

"Kidogo."

"Koroga sukari kwenye maji, nyingi, mnyweshe taratibu. Usimlaze chali!"

Nilikimbia hadi kiatu kimoja kikabaki njiani. Chumbani madirisha yote yalikuwa yamefungwa kwa komeo, na joto lote lile. Bahasha ilikuwa chini ya mto, mwandiko wa mfamasia. Mdogo wangu alikuwa amempakata mama, kikombe mdomoni, na mimi nikapiga magoti nikalia kama mtoto. Ilichukua muda mrefu. Mwisho macho yake yakatulia, akanijua.

"Mama, hukunisikia?"

"Nilikusikia tangu kona ya kwanza," alisema, sauti imekauka. "Nilikuwa nimeshameza. Nikafunga madirisha."

"Kwa nini, mama? Mimi mwanao!"

Akanywa tena kidogo.

"Nilikwambia habari za uvimbe wa shangazi yako, nikakuomba iwe siri yako. Kabla ya jioni mtaa mzima unampa pole. Alikufa hajanisemesha tena."

Nilidhani shangazi alikasirikia ugonjwa.

Mlango ukagongwa. Alikuwa dereva, ameniletea kiatu, na nyuma yake barazani watu wamejaa, wale waliocheka, shingo zimewarefuka.

"Nimempigia mfamasia, anakuja na gari la wagonjwa," alisema. "Vipi, amepatikana? Watu wanataka kujua ni nani."

Mama aliondoa kikombe mdomoni. Akanishika mkono, akawa ananitazama mdomo.