Mashati ya Mkono Mmoja

Miaka kumi na mmoja alishona mkono wa kushoto wa shati. Si shati, mkono. Tena si mikono, wa kushoto tu. Wenye kiwanda walipanga hivyo makusudi: kola huku, mfuko kule, mikono ya kushoto chini, mikono ya kulia ghorofani, ili asipatikane mwanamke hata mmoja wa kusema "shati hili nimelishona mimi". Majina nayo yakafuata kazi. Huyu Kola, yule Kifungo. Yeye wakamwita Kushoto. Mdogo wake alikuwa ghorofani, kwenye mikono ya kulia, na wenzao hawakuchoka kuwatania: "Mama yenu hakuzaa watoto nyie, alizaa shati."

Moto uliwaka ghorofani siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Mlango ulikuwa na kufuli kwa nje kama siku zote, eti wasiibe vitambaa. Walikufa wanawake kumi na tisa. Ghorofa ikapakwa rangi, wakaletwa wasichana wapya, likanunuliwa kufuli jipya, na wa zamani waliobaki hai wakaambiwa kazi imepungua. Mwaka ulipotimia ofisi ikabandika kibao getini: "Tunawakumbuka waliopatwa na ajali." Jina, hakuna hata moja.

"Ajali!" Kola alisimama mbele ya kibao, mikono kiunoni. "Basi kufuli lilijifunga lenyewe. Lina vidole."

Ni yeye aliyesema washone. Mashati kumi na tisa, kila mmoja afanye kile alichokuwa akifanya, kila shati na jina la marehemu mmoja kifuani, kisha yatundikwe kwenye kamba mbele ya geti. Walidhani watashona wao tu. Mtaa ukawaingilia. Mmoja alileta pazia, mwingine shuka la marehemu mama yake, mwingine sare ya shule aliyoacha binti yake. Fundi baiskeli akapinda spoku kuukuu akatengeneza henga za kutundikia. Mwalimu mstaafu akaandika majina kwa chaki, kwa mwandiko ule wake wa kujidai, na Kifungo akapitisha uzi mwekundu juu yake. Watu waliokuwa wakipishana bila salamu tangu msiba sasa walikaa sebuleni kwa Kola wakibishana kuhusu rangi.

Mama yake Kushoto hakubisha. Alikuja kila Jumamosi, akakaa, akagusa vitambaa. Aliletewa mwanawe wa ghorofani ndani ya sanduku lililopigiliwa misumari, akaambiwa na watu wa ofisi asilifungue, naye akatii. Hilo la kutii ndilo lililomla. "Nataka nimwone mzima," alimwambia Kushoto, "hata kama ni nguo."

"Utamwona, Mama."

Alitamka hivyo kabla hawajafika kwenye mikono. Kola kumi na tisa zilikaa. Mikono kumi na tisa ya kushoto ilikaa, Kushoto aliishona kama anayepumua. Kisha wakatazamana. Kila aliyejua kushona mkono wa kulia alikuwa ghorofani siku ya moto.

"Nipeni mimi," alisema Kushoto. "Mkono ni mkono."

Akakata, akapachika, akakanyaga cherehani. Mkono ukatoka umejipinda, mpasuko wa mwisho wa mkono, penye kifungo, umetazama tumboni. Akafumua. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu alikwenda polepole, akijisemea kila hatua kwa sauti, na alipoinua shati alikuta ameshona mkono mwingine wa kushoto. Kifungo alianza kucheka, kisha akaweka kiganja mdomoni. Miaka kumi na mmoja mikono yake ilikuwa imefundishwa nusu ya kazi, na nusu ile nyingine ilikuwa imezikwa.

Fundi cherehani wa barazani alichungulia dirishani. "Akina mama, mnateseka bure. Nileteeni mimi, siku mbili tu."

"Ahsante, fundi," Kola akajibu. "Kujua unajua. Lakini hukuwa kule juu. Tuyaache wazi upande wa kulia."

"Wazi?" Kushoto aliruka. "Mama yangu aje kuona mwanawe kakatwa mkono?"

"Mwenzangu, kwani kuna mama mmoja hapa?"

Walio wengi wakakubaliana na Kola. Kesho yake, mchana kweupe, Kushoto alilifunga shati la mdogo wake ndani ya kanga akalipeleka barazani. Fundi alilishona huku Kushoto akimsubiri. Mkono ulikaa sawa, kama uliozaliwa nalo.

Siku ilipofika walifunga kamba kutoka kwa kinyozi hadi duka la misumari, wakayatundika saa saba, wakati wasichana wa kiwandani wanapotoka uani kula. Mama alikalishwa kwenye kiti. Akaanza kutazama kutoka mwanzo wa kamba, jina kwa jina, midomo ikicheza. Alipofika kwa mwanawe uso ulimfunguka. Kushoto aliona, na kwa pumzi moja alijua hakukosea.

Kisha mama akatazama shati la kulia kwa hilo, na la kushoto, yote ya mkono mmoja. Chini ya mojawapo alisimama mume wa mwenye jina hilo, amekunja kofia mkononi, naye anatazama ile mikono miwili ya shati la mdogo wake Kushoto.

"Huyu alitoka?" mama aliuliza.

"Hapana, Mama."

"Wenzake wote mlango ulikuwa umefungwa. Yeye alifunguliwa?"

"Hakufunguliwa."

"Sasa mbona umemtoa peke yake?"

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Kushoto alimwomba kinyozi wembe, akavuta stuli, akapanda. Fundi wa barazani aligeuza uso. Kushoto akaanza kufumua, uzi kwa uzi, mbele ya mtaa mzima, na mama yake akainuka akaushika ule mkono kwa chini usije ukaanguka.

"Taratibu," mama alisema. "Usimchane."

Nyuma ya geti, kwa wasichana waliokuwa wakila, kijiko cha mwisho kilikuwa kimeshatulia. Msichana mmoja mwenye aproni ya bluu alisogea kwenye nondo.

"Dada, ile mikono mingine iko wapi?"

Kola aligeuka akamtazama Kushoto. Hili halikuwa lake kulijibu.

"Waliokuwa wakiishona walikuwa ghorofani," alijibu Kushoto kutoka juu ya stuli. "Mlango ulifungwa kwa nje. Wenu je?"

Msichana aligeuka akawatazama wenzake, nao wakamtazama. Kengele ya saa nane ikalia. Msimamizi akatokea mlangoni na bunda la funguo, akapiga makofi kama anayeita kuku.

"Haya, haya! Ndani!"

"Tangulia kutuletea kufuli," msichana alisema.

"Nini?"

"Kufuli la juu. Lilete hapa tulishike sisi. Halafu tutapanda."

Msimamizi alicheka peke yake. Akapiga makofi tena, safari hii polepole. Wasichana mia na kitu wakakaa chini uani, mmoja mmoja, sahani mapajani.

Uzi wa mwisho ukakatika. Mama aliupokea mkono wa shati, akaukunja mara mbili, akauweka kifuani. Kushoto hakushuka. Aliligeuza shati la mdogo wake kwenye henga, mpaka lile tundu la mkono lilipotazama geti.