Motoka Isiyoharibika

Mwanamume anayekwenda kutengeneza motoka iliyoharibika, Émerance aliweza kumvumilia. Kilichomshinda ni mwanamume anayekwenda kila Jumamosi kutengeneza motoka iliyo nzima.

Mumewe, Anaclet, alikuwa fundi wa dizeli. Ujana wake wote ulipita katika garaji ya migodi. Garaji ile ilipoacha kulipa watu, kisha ikafunga milango, alibaki nyumbani kwao, mtaa wa Katuba, akizunguka uani kama mgeni. Ndipo Mama Espérance alipomwita. Alikuwa mjane, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, mwenye villa katika mtaa wa matajiri wa Golf na motoka kuukuu ya porini iliyompeleka Kasenga kununua samaki na kumrudisha.

"Leo imeharibika nini?" Émerance alimuuliza mumewe asubuhi moja, akimtazama akinyoa ndevu.

"Haina kintu. Iko muzima."

"Sasa unaenda kutengeneza nini?"

"Ile yenye itaharibika."

Anaclet alieleza, kama alivyokwisha kueleza mara nyingi. Motoka za aina hii zikizeeka zina magonjwa yake, na magonjwa hayo yanajulikana. Maji huingia kwenye mazutu, yaani dizeli, na kuua pampu. Grisi ya magurudumu ya mbele husombwa ukivuka mito. Na kubwa kuliko yote ni kuruwa, mkanda wa mpira ulio mbele ya injini: oili ikiuvujia, unaoza taratibu, na siku utakapokatika injini inakufa hapohapo. Fundi mwenye akili haingoji siku hiyo.

Émerance hakusikia kuruwa wala pampu. Aliona ndevu. Nani hunyoa ndevu ili akalale chini ya motoka? Tena jioni mumewe alirudi na kucha safi, mikono inanukia sabuni ya watu wa Golf, na njaa hana. Alipakuliwa bukari, ugali wa kwao, akamega mara mbili, akasukuma sahani.

"Mama Espérance anaulizaka maulizo ya muzuri," alisema, akitabasamu peke yake.

Tabasamu lile Émerance alilala nalo kama mwiba.

Kuruwa mpya iliagizwa Zambia, kwa sababu mjini hapakuwa na kitu tena. Maduka ya vipuri yalikuwa matupu, walimu wamegoma, askari hawajapata mshahara na walionekana barabarani wakitazama milango ya watu. Mkanda ulipofika, Anaclet aliuleta nyumbani, akauonyesha watoto, Plamedie na Guelord, akauweka juu ya kabati kungoja Jumamosi. Aliushika kwa upole ambao Émerance hakuukumbuka begani mwake tangu zamani.

Mumewe alipotoka, aliuchukua, akauzungusha, akauficha chini ya vitenge vyake sandukuni.

Anaclet alitafuta hadi chini ya kitanda. Aliwauliza watoto. Alimuuliza mkewe naye akasema hajui, akaendelea kuchambua maharage. Moyoni Émerance alijiona akiwa mbali, katika pori la njia ya Kasenga, akimtazama Mama Espérance amekaa kando ya motoka iliyokufa, vumbi kichwani, bila fundi wa kumwita. Picha ile ilimpa raha kiasi kwamba aliirudia mara nyingi.

Kisha askari wakauvunja mji.

Ilikuwa Oktoba ya mwaka 1991. Walianza na maduka makubwa ya katikati ya mji, raia wakawafuata nyuma na mikokoteni, na kabla jua halijageuka watu walikuwa wanapita Katuba na friji, mabati, hata milango. Wafanyabiashara wa kutoka Kivu, kwao Mama Espérance, waliporwa kama wengine. Motoka yoyote inayotembea ilichukuliwa.

Mchana ule motoka ya Mama Espérance iliingia uani kwao kwa kasi, kuku wakatawanyika. Alishuka bila viatu.

"Baba Plamedie, beba batoto! Twende Kasomeno, njia ya Kasenga, kwa kaka yangu Liévin. Huku bataua bantu!"

Watoto walipanda nyuma. Anaclet alirusha blanketi na kapu la unga, kisha akafungua boneti, akapeleka mkono mbele ya injini. Ulirudi umelowa oili.

"Kuruwa inaweza kukatika njiani," alisema polepole. "Kule porini, hakuna mutu wa kutuokota. Tutamuomba Mungu."

Émerance aliwatazama watoto wake wamekaa juu ya blanketi. Ile picha yake ya porini ilirudi, safari hii na Guelord ndani yake.

"Mungojee," alisema.

Alirudi na mkanda mikononi. Mama Espérance alifumba mdomo kwa kiganja. Anaclet aliutazama mkanda, akamtazama mkewe.

"Uliukunja?"

"Nini?"

"Ukikunjwa unavunjika ndani. Uliukunja?"

"Hapana. Niliuzungusha tu."

Akauchukua, akaanza kufungua mbele ya injini.

Walifanya kazi watatu. Émerance alishika nati katika upindo wa kitenge chake. Mama Espérance, bila kuambiwa, alitoa spana iliyotakiwa, kisha akashikilia gurudumu la pampu lisitoke kwenye alama yake, kidole chake karibu na kidole cha Anaclet. Alijua kila kitu kiitwavyo. Risasi zililia upande wa soko, na Émerance, aibu iliyoje, alikuwa akitazama vidole.

Hapo wakaingia askari watatu.

"Motuka oyo ezali kotambola?" mmoja aliuliza kwa Lingala. Alitaka kujua kama inatembea.

Radieta ilikuwa chini, mkanda wa zamani umelala mchangani, oili imetapakaa. Anaclet hakuhitaji kuigiza.

"Ekufi, chef," alijibu. Imekufa.

Askari alichungulia ndani ya injini, akatema mate, akachukua kapu la unga. Wakaenda zao.

Walitoka mjini kabla ya giza. Mama Espérance aliendesha, Anaclet kando yake ameinamisha sikio, na Émerance nyuma akitazama visogo vyao viwili. Injini haikukohoa hadi Kasomeno.

Asubuhi, katika uwanja wa Liévin, Anaclet aliinua gurudumu la mbele akalifungua. Émerance alimfuata na kigoda.

"Nilitaka ikatike," alisema. "Nilitaka akwame yeye, peke yake."

Anaclet hakugeuka. "Safari ya Kasenga yenye ilikuwa inafuata, nilipaswa kwenda naye."

"Sikujua."

"Haukuuliza."

Kisha likamtoka Émerance lile alilolibeba mwaka mzima: "Unamupenda?"

Anaclet alifuta mikono kwa kitambaa, muda mrefu.

"Hakuna kintu kati yetu," alisema. "Lakini ananisikilizaka. Nikisema hii itavunjika, anauliza juu ya nini."

"Mi sikusikilizake?"

"Weye unanichungaka."

Émerance alitamani kulia, akaona hapana. Wivu haukumtoka. Ulihama tu: haukuwa tena kwenye ndevu na sabuni, ulikuwa kwenye maneno yote ambayo mwanamke mwingine alipewa na yeye aliyaacha yapite. Akasogeza kigoda.

"Hii gurudumu nayo iko na ugonjwa gani?"

Anaclet alimtazama kwanza, kama anayepima kama ni kejeli. Kisha akachota grisi kwa kidole, akamwonyesha ilivyogeuka rangi ya maziwa.

"Maji," alisema. "Unaona? Bado haijakula chuma, lakini..."

Mlango wa nyumba ulifunguka. Mama Espérance alitoka na kikombe cha chai, akaja kuelekea motoka. Émerance alijisogeza zaidi, akajaza nafasi yote iliyobaki kando ya gurudumu.

"Endelea," akamwambia mumewe. "Lakini nini?"