Kadi za Mafuta

Foleni ilianzia mlangoni kwa afisa utumishi, ikapita vyoo, ikapinda mpaka kwenye ngazi za stoo. Watu arobaini na wawili, kila mmoja na barua ya kuachishwa kazi mkononi, na kiwanda cha mashati kimya kama hakijawahi kushona hata kola. Mama Vifungo alikuwa wa nne. Jina hilo alilipata kwenye mashine ya matundu ya vifungo, aliyoikalia miaka tisa. Hesabu yake ilikuwa moja tu: kiinua mgongo cha miaka hiyo kingempatia cherehani yake mwenyewe, na asingemwita mtu bosi tena.

Shoga yake wa meza ya pasi alitoka ofisini na bahasha.

"Upepo ukiipata hii inaruka," alisema. "Nimesaini tu. Ningefanyaje? Kodi ya nyumba hainisubiri."

Ndani, afisa hakuinua macho. Kiwanda kizima kilimwita Bwana Saini Hapa. Alisogeza karatasi, akaweka kidole chini kabisa.

"Saini hapa, mama."

Mama Vifungo aliisoma yote, huku kalamu ya bwana ikigonga meza. Kiinua mgongo: mwaka mmoja. Chini yake: nimelipwa haki zangu zote, sina dai lolote.

"Mwaka mmoja? Mimi nina miaka tisa hapa."

"Mkataba wako ni wa miezi kumi na moja. Ukiisha unakaa nyumbani mwezi, unarudi mtu mpya. Tunahesabu huu wa mwisho tu, tena tumeujazia ukawa mwaka mzima. Shukuru."

"Nyumbani wapi? Mwezi huo huo mlikuwa mnaniita kibarua, mnanilipa mkononi, jioni kwa jioni. Mashati hayakuwa na likizo."

"Una ushahidi?"

Swali hilo lilikuwa limemkosesha usingizi wiki nzima. Alifungua mkoba.

Kiwandani hapo mtu hakuwa na faili la maana, lakini kila mashine ilikuwa na kadi. Kila Jumamosi mwendeshaji alifuta vumbi la nyuzi, akatia mafuta, akaandika tarehe na kusaini. Bila saini hutoki getini, maana wenye kiwanda walizipenda mashine zao kuliko walivyompenda mtu. Kadi ikijaa, ilifungwa nyuma ya nyingine. Siku barua zilipogawiwa, wenzake wakilia, Mama Vifungo alizichomoa zote za mashine yake wakati wa mapumziko ya mchana, akazikimbiza kwa mtu wa fotokopi ng'ambo ya barabara, akazirudisha kabla kengele haijalia.

Alizitandaza mezani. Jumamosi za miaka tisa, saini ile ile, hakuna mwezi uliorukwa.

Bwana Saini Hapa alikunja uso. "Hizi ni mali ya kampuni! Umezitoa wapi?"

"Hizo nakala. Zenyewe ziko kwenye mashine. Ila ahsante, nilikuwa naogopa utasema si za kampuni."

Kalamu iliacha kugonga. Sauti nayo ikalainika. "Mama, tusifike mbali. Nakuongezea miaka miwili. Kimya kimya, hao wa nje wasijue."

Miaka mitatu ilikuwa theluthi ya cherehani, na theluthi ni bora kuliko bahasha ya shoga yake. Alitamani kusema ndiyo, na akaona aibu kwa kutamani.

"Tisa," alisema. "Na uandike."

"Basi nenda kafikirie. Njoo Jumatatu."

Alikusanya nakala zake, akatoka. Alikuwa bado hajaufunga mlango alipomsikia bwana kwenye simu. "Fundi mitambo uko wapi? Acha hiyo kazi. Nenda ukumbi wa mashine ukanikusanyie kadi zote za mafuta, sasa hivi."

Hasira ilimpanda mpaka masikioni. Alizinyanyua nakala zake mbele ya foleni.

"Jamani, kadi za mashine zenu! Miaka yenu yote imeandikwa mle, na ametuma mtu akazikusanye!"

Kwanza walimkodolea macho. Kisha mzee wa meza ya kukata, mwenye miaka kumi na sita, alisema taratibu, "Kumbe nilikuwa najisainia mwenyewe." Foleni ikageuka, mkia ukawa kichwa, ikashuka kuelekea ukumbini. Shoga wa pasi, ambaye alikwisha kusaini, alifuata hivyo hivyo na bahasha yake.

Mlinzi alisimama mlangoni, rungu mkononi. "Nyie si mmeachishwa? Mnaenda wapi?"

"Leo siku gani?" Mama Vifungo alimuuliza.

"Jumamosi."

"Tunakwenda kutia mashine mafuta."

Mlinzi aliwatazama mmoja mmoja, kisha akazitazama kadi zilizosainiwa kwenye nakala za Mama Vifungo. Mkataba wake naye ulikuwa wa miezi kumi na moja. Alivuta kiti chake pembeni.

"Mimi nasaini daftari la getini kila asubuhi," alisema, kwa sauti ya chini. "Hilo nalo linahesabika?"

"Kalilete," alisema Mama Vifungo, akaingia.