Mwanya na Ramani

Katika studio ile ya picha, neno kuu lilikuwa kusafisha. Mteja hakusema anataka picha nzuri, alisema, "Nisafishe." Maana yake chunusi ziondoke, kovu lifutike, uso ung'ae kama sahani ya wageni. Na msafishaji, aliyeinamia kompyuta yake nyuma ya pazia, alikuwa binti ambaye mtaa mzima ulimwita Ramani.

Jina hilo alipachikwa na watoto wenzake shuleni, kwa sababu ya baka jeusi lililoanzia chini ya jicho lake la kushoto likateremka hadi kidevuni, na pwani zake na visiwa vyake. Jina lilimganda kama kupe. Alisema ameshalizoea, lakini kiti chake cha kazi alikiweka ili shavu lile lielekee ukutani.

Sasa posa ilikuwa imekuja. Fundi wa majokofu, kijana mpole aliyeitwa kutengeneza kipoza hewa cha studio, akaendelea kuja hata kilipokuwa kizima, alitaka kumwoa. Yeye baka alilijua. Wazazi wake ndio hawakulijua. Waliishi mbali, na kabla ya kufunga safari waliomba picha ya familia wanayokwenda kuungana nayo.

Familia yenyewe ilikuwa imetawanyika, huyu mashariki yule magharibi. Shangazi, aliyemlea Ramani tangu hajaota meno, hakuona shida.

"Si wewe ni fundi? Kila mtu atatuma picha yake kwa simu, wewe utawaunganisha. Tuonekane tumesimama pamoja, tunapendana."

"Tunapendana lini, shangazi? Wewe na baba mdogo hamsemezani."

"Kwenye picha tunasemezana. Halafu wasafishe wote. Na wewe..." Hapo sauti ya shangazi ililainika. "Na wewe mwenyewe jisafishe hapo shavuni, mwanangu."

"Wakija si wataniona?"

"Wakija watakuwa wameshakunywa chai yetu. Mtu aliyekunywa chai yako hana mdomo wa kukukataa."

Ramani alicheka, lakini hakukataa. Alimpenda fundi wake, na aliogopa kumkosa kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Kazi aliifanya wakati wateja walipopungua. Alimkata baba mdogo kutoka kwenye picha ya kituo cha basi, na mkono wake ukabaki umeshika bega la mtu asiyekuwepo. Ikabidi amtafutie binamu wa kushikwa. Mmoja alipigwa picha juani, mwingine chini ya taa ya jikoni. Akawapa wote kivuli kimoja. Kisha akawasafisha mmoja baada ya mwingine, mkono ukienda wenyewe kama mkono wa mtu anayefagia uwanja wake. Uso wake aliuacha wa mwisho. Baka likatoweka upesi mno, kana kwamba halikuwa na mizizi.

Alimtazama mwanamke aliyebaki. Alikuwa mzuri. Ramani angempita barabarani bila kumsalimu.

Shangazi alipokuja kuiona picha alivaa miwani, akavuta kigoda karibu, akanyooshea picha kidole.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, shangazi."

"Wewe nimekuona! Huyu hapa, mwenye meno kama ukuta wa benki!"

"Huyo ni wewe."

"Mimi? Mwanya wangu uko wapi?"

Ramani akasogelea kioo cha kompyuta. Kweli. Mkono wake, uliozoea kuziba kila tundu, ulikuwa umeuziba hata mwanya wa shangazi bila kumuuliza mwenyewe.

"Marehemu mume wangu alikuwa akinichekesha makusudi auone mwanya huu," shangazi alifoka, "leo wewe unakuja kuupiga plasta!"

"Ulisema nisafishe wote."

"Mwanya si uchafu! Mwanya ni urembo."

"Nani alisema?"

"Watu wote wanasema."

"Na hili langu ni uchafu. Nani alisema?"

Shangazi alifungua mdomo, mwanya wenyewe ukachungulia, akaufunga. "Watu," alisema taratibu. "Haohao."

Ramani alishika kipanya. Alieleza kwamba kompyuta hurudi nyuma kama mtu anayefumua sweta: lililofumwa mwisho ndilo hufumuka kwanza. Ili kuufikia mwanya, lazima apite kwenye shavu lake.

"Lakini naweza kulifuta baka tena," alisema.

Akabonyeza. Baka likarudi kidogo kidogo, kisiwa baada ya kisiwa, na yule mgeni akaondoka. Akaendelea kubonyeza mpaka mwanya nao ukatokea. Shangazi hakuutazama. Alikuwa akitazama shavu.

"Silifuti," Ramani alisema.

"Wakikataa?"

"Watakuwa wamenikataa mimi. Wakimkubali yule mwingine, ataolewa nani?"

Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo, akaifuta tena. "Basi nihamishe. Umeniweka mbali huko kama jirani. Niweke kwako, upande huo huo wenye ramani."

Picha ilitumwa. Kesho yake mchana simu ya shangazi iliita, na Ramani aliacha kukunja nguo, shati likamning'inia mkononi. Shangazi alisikiliza, akaitikia, akaziba simu kwa kiganja.

"Ni mama mkwe wako. Anauliza kama linauma."

"Mwambie haliumi."

"Haliumi, dada. Amezaliwa nalo." Akasikiliza tena, kwa muda mrefu, uso wake ukibadilika. "Anasema alimuuliza mwanawe mbona hakumwambia."

"Amejibuje?"

"Kijana amesema alisahau kwamba lipo."

Ramani aliketi juu ya nguo alizokwisha kukunja.

"Ndiyo, dada," shangazi alisema kwenye simu. "Tupo. Njooni tu."