Ukoko wa Sahani ya Saba

Bi Mizani alipikia wagonjwa miaka thelathini na mmoja, na jina hilo alilipata palepale kwenye jiko la hospitali, kwa sababu hakuwahi kutia chumvi kwa kukisia. Mchele aliupima, maji aliyapima, mpaka wapishi wenzake wakawa wanamtania kwamba hata chafya huipima kabla ya kuipiga. Kwa hiyo binti yake alipopiga simu kumwalika yeye na mdogo wake wa kike chakula cha mchana kwenye mgahawa anakofanya kazi, swali la Bi Mizani la kwanza lilikuwa: "Sahani ngapi?"

"Kumi na moja, Mama."

"Kwa watu wawili?"

"Kila mtu zake kumi na moja."

Bi Mizani hakutia kitu mdomoni asubuhi nzima. Mdogo wake naye alijitahidi, ila njiani alikuwa ameshadokoa ndizi mbili.

Binti alikuwa na miezi mitatu tangu awe mpishi mkuu wa mahali hapo, na hakuwa amemwambia mfanyakazi yeyote kwamba mama yake anakuja. Alitaka wahudumiwe kama wageni wengine, wasifanyiwe heshima za kuigiza. Wakakalishwa karibu na dirisha, kwenye meza yenye kitambaa cheupe kilichonyooka utadhani kimepigwa pasi papo hapo mezani. Bi Mizani akangoja orodha ya vyakula. Haikuja. Aliyekuja ni mhudumu mmoja, mtu mzima mwenye miwani, akaweka mbele ya kila mmoja jiwe jeusi lenye jani moja juu yake na tone la kitu cha kijani.

"Karibuni mfungue kinywa," akasema, akaondoka.

Mdogo mtu akainama mpaka pua ikakaribia meza. "Dada, jiwe nalo linaliwa?"

"Sijui. Ngoja tuone wale wenzetu."

Wale wenzetu wa meza ya pili walikula jani wakaliacha jiwe, nao wakafanya hivyohivyo. Sahani ya pili ilikuwa supu, kwenye kikombe ambacho Bi Mizani alikifahamu vizuri sana: hospitalini wangekitumia kugawia dawa ya kikohozi. Ya tatu ilifunikwa kwa bakuli la kioo lililojaa moshi. Mhudumu alipofunua, Bi Mizani akarudisha kiti nyuma akitafuta moto uko wapi, na moshi ulipopungua akaona kipande cha samaki kama kidole gumba, kimelala peke yake. Kisha ukaletwa mshumaa, ukawashwa katikati ya meza, nao wakaufurahia kwa jinsi ulivyopendeza, mpaka mhudumu aliporudi na mkate akawaambia wachovye kwenye ule mshumaa, kwani ulikuwa siagi.

"Hapa mtu anaweza kula kitambaa cha meza na asiulizwe," mdogo wake akanong'ona.

Bi Mizani alicheka, lakini ndani kwa ndani alikuwa amechanganyikiwa. Vitu vilikuwa vitamu, hilo hakukataa. Ila hakujua ameshiba au ana njaa, na hakumwona mtoto wake mahali popote katika vile vijiko vidogo. Aliyemlea alikuwa mtoto wa kula kwa mikono miwili. Huyu anayepanga majani juu ya mawe ni nani?

Ndipo ikaja sahani ya saba. Kipande cha ukoko wa wali, cha kahawia, kikavu, kimesimama wima juu ya sahani pana kama ubao wa mlango.

"Hiki kinaitwa Ukoko," mhudumu akasema, mikono nyuma. "Mpishi wetu mkuu anasema ndicho chakula cha kwanza anachokikumbuka maishani. Mama yake alikuwa akirudi kazini hoi, anabandika wali, usingizi unampitia, wali unaungua. Mtoto anakaa sakafuni kungoja mama akwangue sufuria. Karibuni."

Bi Mizani akashikwa na butwaa. Yeye? Wali uungue mkononi mwake? Akauma kile kipande. Kililia mdomoni, kina chumvi kidogo na harufu ya moshi, na hakikumkumbusha kitu chochote. Akamgeukia mdogo wake, ambaye miaka ile alikuwa akikaa kwake na kumlea mtoto wakati yeye yuko zamu. Mdogo wake alikuwa ameinamia sahani, masikio yote yamesimama.

"Nakuja," Bi Mizani akasema, akainuka.

Jikoni alimkuta binti yake ameshika kibano, anaweka maua madogo juu ya kitu. Wapishi wengine wakaacha walichokuwa wakifanya.

"Mama! Kuna nini? Kimekuwa kibichi?"

"Mwanangu, yule mama wa kwenye ukoko ni mama gani?"

Binti akaweka kibano chini. "Ni wewe."

"Mimi sijaunguza wali tangu nizaliwe."

"Basi ni Mama Mdogo?"

"Ndilo ninalokuuliza wewe."

Uso wa binti ukawa uleule wa utotoni alipokuwa akiulizwa viatu vyake viko wapi. "Nakumbuka kijiko kikikwangua sufuria, Mama. Na mkono unanipa. Na mtu anacheka. Nilijua ni wewe, nani mwingine?"

"Na usingizi je?"

"Usingizi..." Akajifuta mikono kwenye aproni. "Waliniomba hadithi ya kuwaambia wageni. Nikajazia."

Bi Mizani akarudi mezani kichwa kikivuma kama mzinga wa nyuki. Alijikuta ana wivu, na wivu wenyewe hakuuelewa: anamwonea mtu wivu kwa kuunguza wali? Akakaa.

"Ulikuwa unaniunguzia mchele wangu?"

"Si mimi, Dada."

"Sasa nani? Tulikuwa wanawake wawili mle ndani."

Mdogo wake akakunja kitambaa cha mdomo mara mbili, akakikunjua. "Shemeji."

Bi Mizani akamtazama asimwelewe. Mume wake alikuwa fundi saa, na alifariki mtoto akiwa na miaka minne. Hakuwahi kumwona ameshika mwiko.

"Jumamosi ulikuwa zamu," mdogo wake akaendelea. "Mimi nilikuwa natoroka kwenda kusukwa. Shemeji anabaki na mtoto, anapika, anachukua saa ya mtu anaanza kuitengeneza, wali unaungua. Basi anamwambia mtoto eti hizi ni peremende za wakubwa. Nikirudi nawakuta wanakula ukoko wote wawili, wanacheka. Kisha anasugua sufuria kwa mchanga kabla hujarudi. Alinikataza nisikwambie. Alisema ukijua utamwekea mizani."

"Zile sufuria za Jumamosi," Bi Mizani akasema polepole. "Nilikuwa nakusifu wewe."

"Nilizipokea tu hizo sifa. Ningefanyaje?"

Bi Mizani hakujua acheke au akasirike. Miaka ishirini na minne mume wake yuko kaburini, na leo, katikati ya mawe na mishumaa ya kuliwa, anaambiwa kulikuwa na mtu jikoni mwake asiyemfahamu. Akakichukua kipande kilichobaki, akakitafuna taratibu. Safari hii alisikiliza kinavyolia.

Mhudumu alipofika na sahani ya nane akamkuta anafuta macho, akataka kujua kama chakula kina kasoro.

"Hakina. Niitie mpishi mkuu."

Binti akaja mbio na aproni yake, na mama yake akamwambia yote, kwa sauti ya chini, bila kupunguza wala kuongeza. Binti akasikiliza amesimama. Kisha akavuta kiti cha meza jirani akakaa, huku wageni wakimtazama na mhudumu akiwa na sahani mikononi asijue aiweke wapi.

"Baba?" akasema. "Baba alikuwa akicheka vipi? Simkumbuki hata sura."

Bi Mizani akasogeza mshumaa pembeni ili amwone vizuri. "Mwulize Mama yako Mdogo," akasema. "Baba yako wa Jumamosi, hata mimi ndiyo kwanza nasikia habari zake."